Kila ninapokwenda naulizwa kabila, nami sitaki kulitaja

Shikamoo mama mshauri,

Mimi ni Mkenya, mzaliwa wa Nakuru, nimeolewa na Mtanzania na tunaishi Morogoro. Mume wangu ni Mluguru. Tuna mtoto mmoja wa kike, ndiyo kwanza ameanza darasa la kwanza. Ndoa yangu ina amani, kazi ninayo, na wakwe hawajawahi kunionea. Kinachoninyima raha ni swali ambalo watu wa huku hulitoa kama vile wanakujulia hali: "Dada, wewe kabila gani?"

Bodaboda ananiuliza kabla hatujakata kona ya kwanza. Saluni naulizwa kichwa kikiwa bado ndani ya beseni. Nikisema mimi Mkenya, wanasema hilo tumeshalisikia kwenye lafudhi, tuambie kabila. Nikisema Nakuru, wanasema sawa, lakini asili yako hasa? Nikinyamaza, naambiwa naringa.

Niseme kwa nini swali hili linanikaba. Baba yangu na mama yangu ni wa makabila mawili tofauti, na hata katika barua hii sitayataja. Utotoni sikujua kama hilo ni jambo la kuzungumzwa. Nyumbani tuliongea Kiswahili, na majirani zetu walikuwa mchanganyiko kama sisi. Ukaja uchaguzi wa Desemba 2007. Nakuru ilipochafuka mwishoni mwa Januari 2008, tuliondoka usiku, tumepakiwa nyuma ya lori na familia nyingine za mtaani kwetu. Nilikuwa darasa la nne.

Njiani tukakuta mawe yamepangwa na matairi yanaungua. Vijana wakataka vitambulisho. Kitambulisho cha Kenya cha wakati ule hakikuandikwa kabila, lakini nyuma kiliandikwa wilaya, tarafa, lokesheni na sablokesheni, na kwa mwenye kutafuta hayo yalitosha. Aliyekishika cha baba alikigeuza, akakimulika tochi, akayafuata maandishi kwa kidole gumba, mstari kwa mstari. Kisha akauliza, tena kwa upole kabisa: "Mzee, wewe ni wa wapi?" Baba hakujibu. Mama ndiye aliyejibu, kwa lugha ya kwao, na aliongea kwa muda mrefu. Sijui alisema nini chote. Tukaruhusiwa. Mzee mmoja jirani yetu, aliyekuwa amekaa karibu na miguu yangu, aliambiwa ashuke. Hatukumwona tena.

Kwa hiyo mtu akiniuliza kabila, hata awe anacheka, viganja vyangu huwa vimeshalowa kabla sijafungua mdomo.

Mwaka huu alifariki baba mdogo wa mume wangu. Msibani wakaja watani. Mmoja alikuwa amevaa koti na kofia ya marehemu, anatembea kama marehemu alivyokuwa akitembea, watu wanacheka huku wanalia. Ghafla akanigeukia mbele ya wote: "Na huyu mkwe wetu kabila gani? Tumjue, kama ni mtani tumtoze!" Niliinuka nikaenda kukaa uani peke yangu. Tangu siku hiyo inasemwa kwamba nadharau watu.

Sasa mama mkwe naye ameshika lake. Anataka kuujua ukoo wa kwetu. Alianza kwa kumuuliza mume wangu kwenye simu, halafu akaniuliza mwenyewe uso kwa uso, na kila mara anaongeza kwamba ni kwa ajili ya mtoto. Mimi naona anataka kujua mwanawe amechanganya damu na watu gani. Mume wangu anasema, "Taja tu yaishe. Huku kabila ni utani. Wewe unatuletea mambo ya Kenya." Yeye anajua kwamba tulihama kwa sababu ya vurugu. Habari za lori na yule mzee sijawahi kumsimulia.

Na juzi mtoto amerudi shuleni akaniuliza, "Mama, sisi kabila gani? Wenzangu wote wanalo." Nikamwambia sisi ni watu. Akanijibu, "Mwalimu naye ni mtu, na ni Mgogo."

Mama, kumuuliza mtu asili yake ni udadisi tu au ni kumkosea? Mwenye tatizo ni mimi? Na mtoto nimwambie nini?

Mama wa mmoja, Morogoro


JIBU

Marahaba mwanangu. Pole. Naanza na pole kwa sababu katika barua yako yote sikuona mahali ulipopewa, si na mumeo wala na mtu mwingine, na nadhani ni kwa kuwa hakuna aliyejua akupe pole ya nini.

Hayo makabila mawili usiyataje, wala mimi siyahitaji ili kukujibu.

Unauliza kama swali hili ni udadisi au ni kosa. Nimeisoma barua yako zaidi ya mara moja na ninachokiona ni watu wanne wanaokuuliza kwa maneno yanayofanana: bodaboda, mtani, mama mkwe na mwanao. Nyuma yao amesimama wa tano, yule kijana mwenye tochi, na kila mmoja wa hawa wanne akifungua mdomo, wewe unamsikia yeye. Hilo silioni kama tatizo la tabia yako. Ulikuwa mtoto, na ulijifunza ndani ya dakika chache kwamba jibu la swali hilo linaweza kumshusha mtu kwenye gari. Katika miezi ile, kati ya Desemba 2007 na Februari 2008, waliuawa watu zaidi ya 1,100 na mamia ya maelfu wakayakimbia makwao, na kwenye vizuizi vya barabarani swali lilitangulia panga. Mwili wako haujakosea kukumbuka. Viganja kulowa baada ya miaka yote hii ni jambo ambalo wataalamu wa afya ya akili wanalifahamu vizuri, na hospitali za rufaa za mikoa zinao watu wa kuzungumza nawe. Ukiona swali linakuharibia siku nzima, au usiku, nenda. Si lazima ufike mahali pabaya ndipo uende.

Nije kwa mumeo. Anakwambia huku kabila ni utani, na kwa maisha aliyoishi yeye hilo ni kweli. Amekulia katika nchi yenye makabila zaidi ya 120, ambayo haijayahesabu kwenye sensa tangu ile ya 1967, nchi iliyokuwa ikiwapeleka vijana kusoma bweni mbali na kwao na kuwahamisha watumishi kutoka mkoa hadi mkoa mpaka wakaoana huko huko. Kwake neno kabila halina damu. Kwenu Kenya mambo yalikwenda njia nyingine. Tangu enzi za mkoloni, mwanamume Mwafrika alitembea na kipande, yaani kitambulisho cha lazima, kilichoandikwa kabila lake, na hadi leo sensa inauliza. Lakini nisikupake mafuta kwa mgongo wa chupa: na huku pia wapo wazazi wanaokataa posa kwa sababu ya kabila, na Mwalimu Nyerere alilazimika kusimama Mbeya siku ya Mei Mosi 1995 kuukemea ukabila uliokuwa umeanza kunyanyua kichwa. Anayesema ni utani mtupu hajawauliza waliokataliwa.

Hata hivyo niruhusu nikuulize jambo. Mimi nisiyekujua umeniambia habari za kidole gumba kilichofuata maandishi mstari kwa mstari. Mumeo anajua "vurugu". Je, ni haki kusema haelewi, wakati kitu cha kumfanya aelewe bado kiko kwako? Sikusukumi umwambie. Kusimulia kuna gharama yake: anaweza kukosa neno la kusema, anaweza kukuonea huruma kwa namna itakayokuchosha, anaweza hata kumpelekea mama yake kabla hujamruhusu. Ukiamua kumwambia, mwambie mapema unachotaka afanye na habari hiyo na usichotaka. Na huenda ukagundua kwamba unachokihitaji kwake ni kidogo tu: kwamba mkiwa pamoja na mtu akauliza, yeye ndiye ajibu, "Mke wangu ni wa Nakuru," kisha ageuze maongezi.

Mtani wa msibani nitamsemea kidogo, kwa sababu nadhani umemwona nusu. Wahehe na Wangoni walipigana vita vya kutisha kati ya 1878 na 1882. Leo mtu wa Iringa na mtu wa Songea wakikutana stendi wanatukanana kwa kicheko, na mmoja wao akifiwa mwenzake ana kazi rasmi ya kufanya hapo msibani. Watani wengi walianza hivyo, kwa vita, na wengine kwa safari za misafara ya biashara kupita kwenye nchi za watu. Ninachotaka ukione ni kwamba utani ni njia ambayo watu waliowahi kuumizana waliitafuta ili waweze kuzikana. Yule mwenye koti la marehemu alipokuita, yumkini alikuwa anakufungulia mlango uingie: mgeni hatozwi, anayetozwa ni wa humo ndani. Lakini utani una sharti, kwamba wote wawili wawe wanaujua. Wewe hukufundishwa. Kukuuliza mbele ya kadamnasi, tena umefiwa, bila mtu kukuandaa, lilikuwa jambo zito, na kuinuka kwako hakukuwa dharau. Kama inakuuma kwamba linasemwa vibaya, wifi mmoja unayemwamini anaweza kulisafisha kwa sentensi mbili: kwao hakuna utani wa namna hii, na kuna msiba wa zamani uliomkumbusha. Si lazima aseme zaidi. Ukiacha bila kusema lolote, maneno yatapoa yenyewe, ila pengine yatapoa yakiwa yamekaa vibaya.

Sasa mama mkwe, na hapa nitakaa.

Umeandika kwamba anataka kujua mwanawe amechanganya damu na watu gani. Inawezekana. Mimi simjui. Lakini kuna jambo ambalo barua yako haikuligusa, nami nashangaa kama mumeo amewahi kukueleza. Waluguru kwa jadi yao huhesabu ukoo kwa upande wa mama. Mtoto wa mtoto wao wa kiume, kwa jadi hiyo, si wa ukoo wa baba yake. Kwa baba anachukua jina, wanaloliita mtala, lakini ukoo ni wa mama yake, na zamani hata ardhi ilifuata huko huko. Ukoo pia ndio unaoonyesha nani ni mtani wako na nani huwezi kuoana naye. Sasa jiweke mahali pa bibi aliyelelewa hivyo, mwenye mjukuu wa kike anayempenda. Ukoo wake uko wapi? Kwake yeye mwenyewe haupo, kwa mwanawe haupo, uko kwako tu, na wewe umenyamaza. Anaposema ni kwa ajili ya mtoto, inawezekana anasema kweli tupu: kwamba bila neno lako mtoto hana mahali pa kusimama kwenye hesabu yao. Wewe unasikia mtu anayetaka kukutenga. Huenda yeye anaona wewe ndiye unayemtenga mjukuu wake.

Sijasema ndivyo ilivyo. Wapo Waluguru wengi wa mjini ambao hawafuati tena hayo, na wapo mama wakwe wanaotumia jadi kufunika dharau. Njia ya kujua ni kumgeuzia swali kwa adabu: "Mama, ukiujua ukoo wangu, utamsaidiaje mtoto?" Au umwombe akusimulie wa kwake kwanza: ulitoka wapi, watani wao ni akina nani, mizimu yao ilikuwa wapi milimani. Msikilize. Anayetaka kukupima atajibu kwa mkato na kurudi kwako. Anayetaka kumweka mtoto mahali atakaa chini na kueleza mpaka jioni.

Akishaeleza, unazo njia kadhaa na hakuna isiyo na mwiba. Unaweza kumtajia ukoo wa mama yako bila kutaja kabila. Jina la ukoo wa Bonde la Ufa, Ukambani au Nyanza, popote pawapo, halina upande wowote milimani Uluguru. Hakuna atakayejua lilikuwa na nani dhidi ya nani. Hiyo ni faraja ambayo Nakuru huwezi kuipata. Lakini neno likishatoka, halina mwenyewe. Litafika kwa mashemeji, na siku hizi kila mtu ana simu, na watu wa huku wameokota mizaha ya makabila ya Kenya kutoka kwenye televisheni na mitandao. Siku moja shemeji anaweza kukutania kwa mzaha uleule uliosikika kwenu kabla ya mawe kupangwa barabarani. Ukiona huwezi kulibeba hilo, unaweza kumwambia mama mkwe ukweli mwingine ulio kamili vilevile: kwamba jibu unalo, kwamba mtoto atalipata kwako akikua, na kwamba kwenu watu walikufa kwa kulijibu. Mwanamke mzima aliyezika watu wake anaweza kuielewa sentensi hiyo kuliko unavyodhani. Anaweza pia asiielewe, aendelee kuuliza, na hapo mumeo ndiye wa kusimama katikati. Mzigo huo usiubebe wewe peke yako.

Kwa bodaboda na saluni sina mengi. Huwiwi nao jibu. Wengi wao hawatafuti chochote zaidi ya kamba ya kuanzia maongezi, na ukimrudishia, "Mimi wa Nakuru, na wewe je?" atakusimulia ya kwao mpaka ufike uendako. Wapo wanaochagua kutaja kabila la uongo ili waachwe. Sikushauri, kwani siku moja utakutana na mwenye lugha yake. Tofauti ninayoiona mimi kati ya udadisi na kumkosea mtu iko kwenye swali la pili: mtu umeshamjibu, naye anakataa jibu lako. Mwishoni mwa Novemba 2022 Ngozi Fulani, mwanamke mweusi mzaliwa wa Uingereza, alialikwa Buckingham Palace. Mmoja wa wahudumu wa siku nyingi wa jumba hilo, Lady Susan Hussey, alimuuliza anatoka wapi, na kila alipojibu aliulizwa tena anatoka wapi hasa. Hussey alijiuzulu na baadaye akamwomba radhi uso kwa uso. Kwa hiyo anayekwambia "Nakuru sawa, lakini asili?" una haki ya kumwona kama mtu aliyevuka. Unaweza kumwambia kwa tabasamu, "Hayo tukifahamiana," na kama hana adabu, bila tabasamu.

Jambo lingine ni nani anauliza na jibu linakwenda kufanya nini. Kwenu, baada ya mauaji yale, ilitungwa Sheria ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa ya 2008, inayosema taasisi ya umma isiwe na zaidi ya theluthi moja ya wafanyakazi kutoka jamii moja. Huwezi kuitekeleza bila kumuuliza mtu jamii yake. Ni swali lile lile la kijana mwenye tochi, limewekwa kwenye fomu ili asiyepewa nafasi aipate. Wapo Wakenya wanaoijaza fomu hiyo kwa moyo mweupe na wapo ambao mkono unatetemeka, na sioni wa kumlaumu.

Limebaki la mwanao, nalo naliona zito kuliko yote. "Sisi ni watu" ni jibu la kweli, lakini yeye hakuuliza kama ni mtu. Aliuliza ni wa akina nani, na akakuonyesha kwa mfano wa mwalimu wake kwamba anajua hayo mawili hayagombani. Kwake neno hili ni jipya na safi. Unaweza kumpa sehemu: baba yako ni Mluguru, mimi nimezaliwa Nakuru, bibi yako wa kule anaitwa fulani na anapenda kitu fulani, babu yako hivi. Au unaweza kumtajia yote mawili bila kumpa habari ya barabarani, kwa sababu majina ya makabila na usiku ule ni vitu viwili, ingawa kwako vimeshikana. Ujue tu kwamba mtoto wa darasa la kwanza hafichi: utakachomwambia leo kitafika kwa mwalimu kesho na kwa mama mkwe keshokutwa. Ukinyamaza kabisa, bado kuna atakayemwambia, shangazi au binamu wa Kenya kwenye simu, na atakisikia kwa sauti ya mtu mwingine. Kuna akina mama waliochagua kusubiri mpaka mtoto apate akili ya kutunza neno, na hawakujuta. Kuna waliosubiri wakapitwa. Umri wa mtoto wako unakupa muda kidogo wa kufikiri, si mwingi.

Kabla hujaamua lolote, kuna jambo barua yako haikuniambia: wazazi wako wako hai? Usiku ule si wako peke yako. Baba ndiye aliyenyamaza, mama ndiye aliyesema, na hadi leo hujui alisema nini. Kama wapo, waulize wao hujibu nini wakiulizwa, na kama wangependa mjukuu wao ayajue majina ya kwao au la. Huenda baba atakwambia funga mdomo kama nilivyoufunga. Huenda mama anasubiri miaka yote umuulize maneno yale yalikuwa yapi. Mpigie ukiwa na nafasi, mtoto akiwa shuleni, na usimuulize yote kwa siku moja.